Shaaban Robert, karani wa forodha aliyeandika Kusadikika

Kila anayevuka na mzigo kati ya Gisenyi na Goma anamjua karani wa forodha. Shaaban Robert alikuwa mmoja wao. Alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, akaajiriwa forodhani Tanganyika mwaka 1926 na kufanya kazi hiyo hadi 1944.

Riwaya yake, Kusadikika, ilitoka mwaka 1951. Inaanza kwa mashaka: Karama ameshtakiwa kwa kuanzisha mafunzo ya sheria. Akijitetea, anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa ng'ambo. Walirudi na mambo mema ya kuifaa nchi yao, wakatiwa gerezani. Msomaji aliyewahi kurejea nyumbani baada ya miaka mingi ugenini ataisoma sehemu hiyo polepole.

Mwisho wake ni kinyume kabisa cha mwanzo: Karama anaachiwa huru, na wajumbe wanafunguliwa. Kwa maoni yetu heri hiyo inakuja upesi mno baada ya utetezi wa siku sita. Lakini mwandishi alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, na uhuru ulikuwa bado miaka kumi.

Aliuona, Desemba 1961. Alifariki Juni 1962.