Aliyekubali Kuwa wa Pili

Soma kwa ajili ya somo hili: 1 Samweli 23:16–18, Mwanzo 47:11, 12, Isaya 45:1–5, Marko 10:42–45, Matendo 5:29.

Yonathani alikuwa mwana wa mfalme, na kiti cha enzi kilikuwa haki yake kwa desturi. Hata hivyo alimfuata Daudi porini, akamtia nguvu, akakiri kwamba Daudi ndiye atakayetawala naye atakuwa wa pili wake. Ni wachache wanaoweza kukubali nafasi hiyo bila kinyongo.

Kwa washiriki wa Lizaboni na Songea yote, jina la Rashidi Mfaume Kawawa si geni. Alizaliwa mwaka 1926 katika kijiji cha Matepwende, ambacho leo kiko wilaya ya Namtumbo. Baba yake alikuwa mwindaji wa tembo. Kijana huyo alisoma Liwale, kisha Dar es Salaam, hatimaye Shule ya Serikali ya Tabora. Njia ya kwenda Makerere ilikuwa wazi mbele yake, lakini hakwenda. Alichagua kazi ya ukarani serikalini ili apate fedha za kuwasomesha wadogo zake. Yusufu aliwalisha ndugu zake akiwa tayari mkuu wa Misri. Kawawa alianza kuwabeba wake akiwa bado hana kitu.

Baadaye alifanya kazi ya maendeleo ya jamii, na mwaka 1953 alipelekwa Urambo kuwahudumia Wakikuyu waliozuiliwa huko wakati wa vita ya Mau Mau. Mwaka 1955 chama cha wafanyakazi, TFL, kilipoundwa, yeye ndiye aliyekuwa Katibu Mkuu wake wa kwanza. Mke wake, Sofia, naye aliwatumikia wanawake wa nchi hii kwa miaka mingi kama kiongozi wa UWT. Katika nyumba hiyo utumishi haukuwa wa mtu mmoja.

Januari 1962, majuma sita tu baada ya uhuru, Mwalimu Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili akaijenge TANU, na Kawawa akashika nafasi hiyo. Kwa miezi kadhaa serikali yote ilikuwa mikononi mwake. Wengi wakipewa kiti namna hiyo hukiganda. Desemba 9 mwaka huo nchi ikawa Jamhuri, Nyerere akawa Rais, naye Kawawa akarudi kuwa msaidizi wake. Hakuunda kundi lake, wala hakudai alichokwisha kukishika. Baada ya Muungano wa 1964 alikuwa Makamu wa Pili wa Rais, na kuanzia 1972 hadi 1977 alikuwa tena Waziri Mkuu.

Hata hivyo maisha yake yanatufundisha pia kwa upande mwingine. Ni katika miaka hiyo ya pili ya uwaziri mkuu ambapo watu waliagizwa kuhamia vijijini. Kawawa alisimamia agizo hilo kwa bidii ileile aliyoitumia katika kila kazi aliyopewa. Wako waliohamishwa kwa nguvu, wakaacha nyumba na mashamba yao. Mtumishi mwaminifu hana budi kupima anachoagizwa, kwa maana utii usio na mpaka anastahili Mungu peke yake.

Kawawa alifariki Desemba 31, 2009. Alikuwa Mwislamu, na hatumweki hapa kama mfano wa imani yetu. Lakini Mungu alimtumia Koreshi, ambaye hakumjua, kuwafungulia watu wake njia. Nasi hatupotezi kitu tunapojifunza kwa jirani aliyeacha elimu yake kwa ajili ya ndugu zake, na aliyerudisha cheo bila manung'uniko. Kristo mwenyewe alikuja kutumika, wala si kutumikiwa. Kama mtu asiyelibeba jina Lake aliweza kukaa kwa amani katika nafasi ya pili, sisi tunaogombea uzee wa kanisa na viti vya mbele tutajibu nini?

Maswali ya Kujadili

1. Ni nani katika familia yako aliyeacha jambo lake ili wewe usome? Umemshukuru kwa njia gani?

2. Ni tofauti gani iliyopo kati ya unyenyekevu na kutii kila agizo bila kulipima?

3. Unajisikiaje mtu mwingine anapochaguliwa katika kazi uliyokuwa ukiifanya? Mfano wa Yonathani unakusaidiaje?