Abebe Bikila: Sehemu Niliyokuwa Nairuka



Wengi wenu mmenisikia nikisimulia habari za Abebe Bikila, na vijana wamenisikia mpaka wamechoka. Huwa naanza hivi: askari wa Ethiopia asiyejulikana na mtu anafika Roma mwaka 1960, anakimbia zaidi ya kilomita 42 kwa miguu mitupu, anawaacha wote. Halafu nasema amina, kinanda kinaanza, tunaenda kwa matoleo. Miaka mingi nimeisimulia hivyo hapa Mwiki na sijawahi kuongeza kitu.

Mwezi uliopita tulienda kumtembelea ndugu yetu mmoja aliyeanguka kutoka ghorofa ya tatu akiwa kazini kwa mjengo. Jina siliandiki, wengi mnamjua. Miguu yake haijarudi. Tulikuwa watu sita katika chumba kimoja, chai imeletwa, mkewe ameketi kando ya kitanda. Nikaona nimtie moyo, nikaanza ile ya Abebe. Alinisikiliza vizuri mpaka mwisho, kisha akauliza: mwalimu, na baadaye huyo mtu ilikuwaje? Nikamwambia alishinda tena Tokyo. Akauliza, na baada ya Tokyo?

Hapo nikakwama. Nilijua Abebe alipata ajali ya gari. Nilijua miaka hiyo yote, na nilikuwa nairuka kwa sababu inaharibu hadithi. Nilijibu tu kwamba alifariki mapema, nikaomba tufunge kwa maombi. Nilirudi nyumbani nikiwa na aibu ambayo haikuisha hata baada ya kulala. Kwa hivyo nimekaa jioni kadhaa nikisoma maisha ya mtu huyu, na leo nayaandika yote, kwanza kwa ajili ya ndugu yetu, manake karatasi hii husomewa kila Jumapili mchana.

Abebe alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 katika kijiji cha Jato, huko Shewa, nyanda za juu ambako hewa ni nyepesi kama ya Iten. Siku hiyohiyo, upande wa pili wa dunia, watu walikuwa wanakimbia marathoni ya Olimpiki mjini Los Angeles. Mimi si mtu wa kuona ishara kila mahali, lakini hiyo nimeiandika. Utotoni alichunga mifugo. Waitaliano walipoivamia nchi yao mwaka 1935, familia yake ilibidi ihame. Alipokuwa kijana akaenda Addis Ababa, akaajiriwa katika kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie. Huko kulikuwa na kocha kutoka Uswidi, Onni Niskanen, ndiye aliyemwona.

Sasa Roma. Kwanza nirekebishe kosa langu. Nimewaambia vijana mara nyingi kwamba alikimbia bila viatu kwa sababu ya umaskini. Si kweli. Viatu vilikuwepo. Vile alivyopata kule havikumkaa vizuri, na kwa kuwa alikuwa amezoea kufanya mazoezi kwa miguu mitupu, yeye na Niskanen wakaamua akimbie hivyo. Ulikuwa uamuzi wa watu wanaoijua kazi yao. Mimi ndiye niliyeufanya kuwa shida, kwa sababu shida inahubirika vizuri.

Mbio zilikuwa tarehe 10 Septemba, zikaanza jioni ili kukwepa joto. Alikuwa ameambiwa amchunge Mmoroko mmoja, Rhadi Ben Abdesselam, ambaye angevaa namba 26. Kumbe Rhadi alivaa namba 185. Abebe akakimbia akimtafuta mtu wa namba 26 mbele yake, kumbe mtu mwenyewe yuko begani pake. Giza likaingia. Askari wa Italia walisimama kando ya njia na mienge. Sehemu ya mwisho ilipita Via Appia, barabara ileile ya kale ambayo Mtume Paulo aliingilia Roma akiwa mfungwa. Karibu na mwisho kulikuwa na mnara wa jiwe wa Aksum, ambao Waitaliano waliuchukua Ethiopia mwaka 1937 wakausimamisha katika jiji lao. Ni hapo Abebe alipoongeza kasi akamwacha Rhadi. Alimaliza kwenye Tao la Konstantino kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, muda ambao hakuna mtu duniani alikuwa ameufikia. Rhadi alikuja sekunde 25 nyuma. Jiwe lenyewe lilirudishwa kwao mwaka 2005, Abebe akiwa kaburini miaka zaidi ya thelathini.

Nimezoea kuishia hapo.

Miezi mitatu baadaye, Desemba 1960, viongozi wa kikosi chake cha walinzi walijaribu kumpindua mfalme akiwa safarini Brazil. Jaribio lilishindwa, na damu ikamwagika. Abebe naye alikamatwa, akahojiwa, akaachiliwa. Hebu fikiria: Septemba dunia nzima inakupigia makofi, Desemba uko kizuizini. Baada ya hapo alishinda mbio kadhaa mwaka 1961, na mwaka 1963 akaenda Boston akawa wa tano.

Tokyo 1964 alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo zikiwa zimebaki kama wiki tano tu. Watu walidhani amekuja kutazama. Tarehe 21 Oktoba alikimbia, safari hii na viatu na soksi, akashinda kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Aliyemfuata alikuwa dakika nne nyuma. Wengine walikuwa bado barabarani na yeye yuko uwanjani ananyoosha viungo kwenye nyasi kama mtu ambaye ndio ameamka. Hakuna aliyekuwa amewahi kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili. Mfalme akampandisha cheo na kumpa Volkswagen nyeupe, ile ndogo yenye mgongo wa kobe.

Mexico City, 1968, ndipo Wakenya tunapoingia. Ilikuwa michezo ya mlimani, na Naftali Temu wetu akachukua mita 10,000, dhahabu ya kwanza ya Kenya, akimshinda Mwethiopia Mamo Wolde. Lakini kwenye marathoni Mamo alishinda. Abebe alianza naye akiwa na mguu mbovu, akatoka njiani kabla ya nusu. Hakukimbia marathoni tena.

Usiku wa tarehe 22 Machi 1969 alikuwa anaendesha Volkswagen yake, ikamshinda, ikapinduka. Alibanwa ndani mpaka asubuhi. Nimejaribu kuupitia huo usiku haraka na nimeshindwa. Watu wa boda hapa stage wanajua saa moja ya kungoja gari la wagonjwa kando ya Thika Road ina urefu gani. Yeye alingoja usiku mzima, miguu iliyomfikisha Roma haisikii kitu.

Mwanzoni hata mikono haikusonga. Alipelekwa Uingereza, hospitali ya Stoke Mandeville, akakaa miezi minane. Mikono ikarudi. Miguu haikurudi, wala hakutembea tena mpaka kufa. Naliandika wazi kwa sababu sisi watu wa imani tuna tabia ya kutaka kila hadithi iishe mtu akisimama, na isipoisha hivyo hatuisimulii.

Hospitali hiyo si hospitali tu. Daktari mmoja, Ludwig Guttmann, Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Hitler, alianzisha hapo mashindano ya wagonjwa waliovunjika uti wa mgongo, mwaka 1948. Alianza na watu wachache wa kurusha mishale. Michezo ikakua, na mwaka 1960 ikatoka Uingereza kwa mara ya kwanza na kufanyika Roma. Hapa niliweka karatasi chini. Siku nane baada ya Abebe kukata utepe kwenye lile tao, wanamichezo kama 400 wa viti vya magurudumu, kutoka nchi 23, walianza michezo yao katika jiji lilelile. Pengine hakuwa na habari nao. Miaka tisa baadaye akalala katika hospitali walikotoka.

Mwaka 1970 Abebe aliingia mashindano hayo ya Stoke Mandeville, akarusha mishale na kucheza tenisi ya meza, akiwa ameketi. Hakushinda, na magazeti hayakujaa. Mwaka 1971 alialikwa Norway kama mgeni tu wa heshima kwenye michezo ya walemavu. Akaona hawezi kuketi na wageni. Akashiriki mishale na tenisi ya meza, kisha mbio za sleji inayovutwa na mbwa kwenye theluji, na hizo akazishinda, akiwatangulia watu kumi na sita. Mtoto wa Shewa, nyuma ya mbwa, kwenye theluji! Nilicheka peke yangu usiku.

Mwaka 1972 alikuwa Munich kwenye kiti chake, uwanja mzima ukasimama kumpigia makofi. Marathoni ikawa tarehe 10 Septemba, miaka 12 kamili tangu Roma. Mamo Wolde alikuwa wa tatu.

Alipoulizwa juu ya ajali, Abebe alijibu kwamba ushindi aliupokea kama mapenzi ya Mungu, na ajali ataipokea vilevile. Nimelisoma neno hilo mara nyingi. Sitalibeba kumpelekea ndugu yetu. Abebe alilisema juu ya miguu yake mwenyewe. Mimi ninayekuja kumwona nikitembea sina ruhusa ya kulisema juu ya miguu ya mtu mwingine.

Alifariki Addis Ababa tarehe 25 Oktoba 1973, damu ilipovuja kwenye ubongo, matatizo yaliyotokana na ile ajali. Alikuwa na miaka 41, ameacha mke na watoto wanne. Mfalme alitangaza siku ya maombolezo ya taifa, na waliofika mazishini wanakadiriwa 65,000.

Alhamisi nilimpelekea ndugu yetu haya maandishi kabla hayajachapishwa. Mkewe alimsomea. Alipofika Norway alimwomba arudie pale pa mbwa. Walipomaliza hakusema lolote juu ya Roma. Aliniuliza kama ile meza ya ping-pong ya vijana bado iko nyuma ya kanisa.

Iko, nikamwambia, ila wavu uliraruka. Vijana, tunaushona Jumamosi saa nane. Mwenye ubao wa kutengenezea njia ya kiti pale kwenye ngazi za mlango wa nyuma aje nao.