Salvador Sanchez: Waliomrithi mkanda wote alishawapiga

Kuna ubishi mmoja wa ngumi ambao sisi watu wa soka tunaujua vizuri, maana na kwetu upo. Duncan Edwards wa Manchester United alifariki Februari 1958 akiwa na miaka 21, siku 15 baada ya ajali ya ndege ya Munich, na mpaka leo wapo wanaoapa kwamba angekuwa bora kuliko yeyote aliyewahi kuvaa jezi ya England. Marco van Basten naye kifundo cha mguu kilimgomea, akacheza mechi yake ya mwisho akiwa na miaka 28. Mtaje kijiweni kama mmoja wa washambuliaji bora wa muda wote uone. Lazima atokee mtu akuulize: kwani alicheza miaka mingapi?

Kwenye ngumi, swali hilo linaitwa Salvador Sanchez.

Alikuwa bingwa wa dunia wa WBC uzito wa unyoya, yaani mabondia wa paundi 126, kama kilo 57 hivi. Aliushika mkanda Februari 1980, akafa Agosti 1982. Miaka miwili na nusu tu. Alikuwa na miaka 23. Rekodi yake inasoma mapambano 46: kashinda 44, kati ya hayo 32 kwa KO, sare moja, kapoteza moja.

Wanaompenda wanasema ni mmoja wa mabondia bora kuwahi kutoka Mexico. Wanaombeza wanasema kifo kimempamba, kwamba mtu akifa kijana hakuna anayemwona akizeeka, akipigwa na watoto, akipanda ulingoni na kitambi kutafuta hela ya kodi ya nyumba. Hoja hiyo ina uzito. Tusiikimbie.

Sanchez alizaliwa Januari 26, 1959, Santiago Tianguistenco, Mexico. Alianza ngumi za kulipwa akiwa na miaka 16 tu. Pambano pekee alilopoteza ni la Septemba 1977, ana miaka 18, alipogombea ubingwa wa Mexico wa uzito wa bantam na Antonio Becerra. Akashindwa kwa pointi, na majaji wenyewe hawakukubaliana. Mwaka uliofuata akatoka sare. Baada ya hapo hakuna mtu aliyempiga tena mpaka anaingia kaburini.

Mkanda wenyewe aliuchukua kwa Danny Lopez, Mmarekani waliyemwita 'Little Red'. Na mkanda huo una stori yake inayotuhusu Waafrika. Lopez aliutoa Accra, Novemba 1976, mbele ya Waghana, kwa kumpiga David Kotey, bingwa wa kwanza wa dunia kutoka Ghana. Tangu hapo akautetea mara nane. Alikuwa bondia wa kuogopesha: unamwangusha, anainuka, anakuzimisha. Watu wakaamini huyo hauawi.

Februari 2, 1980, mjini Phoenix, kijana wa miaka 21 akamchapa kwa raundi 13. Lopez anakuja mbele, anapigwa. Anakuja tena, anapigwa tena. Refa akaona inatosha. Wakarudiana Juni mwaka huohuo, Las Vegas, na safari hii ikafika raundi ya 14. Matokeo yaleyale.

Hapa shabiki wa soka anielewe. Sanchez hakuwa bondia wa kukimbilia vurugu. Alicheza kama timu inayokuachia mpira, inarudi nyuma, inakuacha ujione unatawala, halafu ukikosea pasi moja unashtukia mpira uko wavuni. Alizunguka, alivuta, wewe ukirusha ya kwako anakujibu na mbili. Na pumzi alikuwa nayo ya ajabu. Raundi ya 12, wakati wenzake wanatafuta stuli ya kukalia, yeye ndiyo kwanza anaongeza kasi.

Kisha ikaja Agosti 21, 1981. Wilfredo Gomez wa Puerto Rico alikuwa bingwa wa uzito wa chini yake, hajawahi kupoteza. Sare moja kwenye pambano lake la kwanza kabisa, halafu ushindi 32, na yote 32 kwa KO. Yote. Miaka mitatu kabla alikuwa amemzimisha Carlos Zarate, shujaa wa Mexico ambaye naye hakuwahi kupigwa, kwa hiyo Wamexico walikuwa na kinyongo chao na Wapuerto Rico walikuwa na midomo yao. Las Vegas ikajaa.

Gomez alipanda kwenda kumtafuna. Raundi ya kwanza haijaisha, yuko chini. Aliinuka, na nimpe haki yake, alipigana kiume, kuna raundi za katikati alimpa Sanchez kazi kwelikweli. Lakini uso wake ulikuwa unavimba, macho yanaziba. Raundi ya nane akaangushwa tena na refa akamaliza kazi. Ukitaka kumwonyesha mtu Sanchez alikuwa nani, muonyeshe pambano hili.

Sasa tugeukie upande wa pili, maana sipendi makala za kumsifia marehemu.

Kwanza, hakuwahi kukutana na Eusebio Pedroza. Wakati huohuo Pedroza wa Panama alikuwa bingwa wa WBA wa uzito huohuo, aliyeshika mkanda wake kuanzia 1978 hadi 1985 na kuutetea mara 19. Ni kama kuwa bingwa wa ligi wakati kuna ligi nyingine mtaa wa pili na bingwa wake hujamgusa.

Pili, kuna usiku ambao Sanchez hakung'aa. Patrick Ford wa Guyana alimfikisha pointi, na sio majaji wote watatu waliompa Sanchez. Desemba 1981 Mwingereza Pat Cowdell alimsumbua raundi 15 nzima. Ilibidi amwangushe katika raundi ya mwisho, na bado jaji mmoja akampa Mwingereza. Na hapa wanaombeza wana karata yao nzuri, kwa sababu miaka minne baadaye Azumah Nelson alimzimisha Cowdell huyohuyo raundi ya kwanza, tena Birmingham, nyumbani kwake.

Azumah Nelson. Hilo jina ndilo linaloifanya kesi hii iwe tamu.

Julai 21, 1982, Madison Square Garden, New York. Mpinzani wa Sanchez alipaswa kuwa Mario Miranda wa Colombia, akajitoa. Wakamtafuta mtu wa kuziba nafasi, wakamleta Nelson kutoka Accra. Alikuwa amepigana mapambano 13 tu ya kulipwa, Amerika hawamjui. Sisi Afrika tulikuwa tunamjua kidogo, alishachukua dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978. Waandaaji walidhani wameleta mtu wa kuja kupigwa na kulipwa.

Nelson alikuja na vita. Aliangushwa raundi ya saba, akarudi, akambana bingwa ubavuni, wakafika raundi ya 15 pambano likiwa bado halijaeleweka vizuri. Hapo ndipo Sanchez akafanya alichozoea kufanya wenzake wakichoka. Akamwangusha, akamfuata, refa akasimamisha.

Siku 22 baadaye, alfajiri ya Agosti 12, Sanchez alikuwa anaendesha Porsche yake kwenye barabara kuu karibu na Queretaro. Alikuwa kambini, akijiandaa kurudiana na Juan Laporte mwezi Septemba. Gari likagongana na lori. Akafia palepale.

Mkanda ukabaki wazi. Na sasa fuatana nami, kwa sababu hoja yangu yote iko hapa.

Septemba 1982 mkanda uliobaki wazi ukachukuliwa na Juan Laporte. Laporte alishapigwa na Sanchez kwa pointi Desemba 1980. Machi 1984 Laporte akanyang'anywa na Wilfredo Gomez, yule aliyezimwa raundi ya nane. Desemba mwaka huohuo Gomez akapoteza kwa KO ya raundi ya 11, San Juan, mbele ya watu wake mwenyewe. Aliyemtoa? Azumah Nelson. Mkanda ule uliotoka Accra na Danny Lopez mwaka 1976 ukarudi Accra.

Mabingwa watatu mfululizo baada ya kifo chake, na hakuna hata mmoja ambaye Sanchez hakuwa ameshampiga. Wawili kati yao aliwamaliza kabla ya kengele ya mwisho. Weka na Lopez aliyekuwepo kabla yake, mara mbili. Kwa hiyo ukichora orodha ya WBC uzito wa unyoya kuanzia mwishoni mwa 1976 hadi Nelson alipopanda uzito mwaka 1988, ni majina matano tu, na Sanchez aliwashinda wengine wote wanne. Nelson yeye akaendelea kuwa bingwa hadi miaka ya 90, na wengi wanamtaja kama bondia bora kuwahi kutoka Afrika.

Hii siyo "angekuwa". Siku zote "angekuwa" ndiyo inayoharibu mjadala wa watu hawa. Kwa Edwards inabidi tukisie. Kwa Sanchez hatuhitaji kukisia chochote, kwa sababu waliobaki hai ndio waliomalizia kutoa ushahidi. Usimpe alama hata moja kwa mapambano ambayo hakupigana. Mpunguzie za Pedroza. Mkate na za Cowdell. Bado zinabaki za kutosha.

Kwangu mimi alikuwa mkubwa kweli. Simuweki juu ya Willie Pep, mzee wa miaka ya 40 aliyekuwa bingwa wa uzito huohuo, kwa sababu Pep alishinda mapambano zaidi ya 200 na miaka nayo ni kipimo. Wazee wa Mexico watanitukana wakisikia nimemuweka chini pia ya Julio Cesar Chavez. Sawa tu.

Lipo jambo moja dogo ambalo huwa halitajwi. Enzi za Sanchez pambano la ubingwa lilikuwa raundi 15. Novemba 1982, miezi mitatu baada ya kifo chake, bondia wa Korea Kusini, Duk Koo Kim, alifariki baada ya kupigwa katika pambano la ubingwa Las Vegas, na WBC wakapunguza raundi ziwe 12. Lopez alimalizwa raundi ya 13, kisha ya 14. Nelson ya 15. Ngumi tatu kati ya kubwa kabisa alizowahi kurusha zilitua katika dakika ambazo leo hazipo.

Ndiyo maana watu wakiniuliza kuhusu marudiano na Nelson, yale ambayo dunia nzima ilikuwa inayasubiri, mimi huwa nauliza kwanza ni raundi ngapi. Kama ni 15, hela yangu ipo kwa Sanchez. Kama ni 12, subiri kidogo nimalizie kahawa.