Taylor, aliyempima kibarua kwa saa

FREDERICK Winslow Taylor alizaliwa Philadelphia, Marekani, mwaka wa 1856. Ingawa wazazi wake walikuwa matajiri, alianza kazi kama mwanagenzi katika karakana. Aling’amua kwamba vibarua walizembea makusudi, wakihofia kupunguziwa malipo wakijitahidi. Tiba yake ilikuwa saa ya kupimia kila hatua, na ujira mnono kwa atakayetimiza kiwango.

Katika kiwanda cha Bethlehem Steel, alisimulia, mbeba chuma alitoka tani 12 kwa siku hadi 47. Ujira ulipanda kutoka dola 1.15 hadi 1.85: kazi karibu mara nne, malipo hata maradufu hayakufika!

Mwaka wa 1911 mafundi wa kiwanda cha silaha cha Watertown waligoma, wakikataa kupimwa. Taylor alihojiwa bungeni mwaka uliofuata. Alifariki Machi 1915, mwezi ambao Bunge lilipiga marufuku saa hizo katika viwanda vya silaha vya jeshi.