Francis Pettit Smith, mfugaji aliyezipa meli panga la nyuma

Swali lilitufikia kwa simu kutoka Kiswere. Msikilizaji wetu mmoja alisema mwanawe ametengeneza boti ndogo ya kuchezea kwa kipande cha boya, mota iliyotolewa kwenye redio kaseti iliyokufa, na betri mbili za tochi. Boti ilikwenda vizuri. Kisha kijana akakata panga jingine kubwa zaidi kutoka kwenye kopo la rangi, akalifunga nyuma, akitegemea boti itakimbia mara mbili. Badala yake ikajikokota kama kobe, na mota ikapata moto mpaka haishikiki. Baba mtu akauliza: panga kubwa si ndilo linalosukuma maji mengi?

Tulimjibu hewani kwa dakika chache, lakini dakika zile hazikutosha. Jibu lake limo ndani ya maisha ya mtu mmoja aliyekufa zaidi ya miaka 150 iliyopita. Alikuwa mfugaji, hakuwa fundi wa meli, naye alianza hivyohivyo, kwa boti ya kuchezea na dimbwi la maji. Jina lake ni Francis Pettit Smith.

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Wavuvi wa pwani yetu wengine husema panga, wengine propela. Vitabu husema rafadha. Yote ni kitu kimoja: yale mabawa yanayozunguka chini ya maji, nyuma ya mashine, na kukisukuma chombo mbele.

Smith alizaliwa tarehe 9 Februari 1808 katika mji mdogo wa Hythe, pwani ya kusini mashariki ya Uingereza. Baba yake alikuwa mkuu wa posta wa mji huo. Mtoto alikua akiona bahari kila siku, na tangu utotoni alipenda kuunda vyombo vidogo na kutafuta njia za kuvifanya vijiendeshe. Alipokuwa mtu mzima hakwenda kwenye viwanda vya meli. Alifuga, kwanza katika nyanda za malisho za Romney karibu na kwao, baadaye Hendon, ambako siku hizo kulikuwa mashambani nje ya London. Boti za utotoni lakini hakuziacha. Majirani, tunadhani, walimwona kama sisi tunavyomwona mtu mzima anayeendelea kucheza na vijidau vya watoto.

Wakati huo meli za mvuke zilikuwepo tayari, ila zilisukumwa na magurudumu makubwa yenye makasia, moja kila ubavu. Mtoni yalifaa. Baharini yalikuwa na taabu zake, na yeyote aliyewahi kuvuka ghuba ya Kiswere wakati wa kusi atazielewa haraka. Meli ikilala upande mmoja, gurudumu moja linazama mpaka juu na jingine linapiga hewa tupu. Meli inayumba, inapinda, makaa yanateketea bure. Kwa meli za vita ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu risasi moja ya mzinga kwenye gurudumu ilitosha kuifanya meli iwe gogo linaloelea.

Wazo la kusukuma chombo kwa skrubu chini ya maji halikuwa la Smith peke yake, na ni haki tuliseme hilo. Watu kadhaa walilijaribu kabla yake. Josef Ressel, kwa mfano, aliendesha chombo cha aina hiyo katika bandari ya Trieste mwaka 1829. Lakini majaribio yale hayakuwafanya wenye meli waache magurudumu yao.

Mnamo miaka ya 1834 na 1835, pale Hendon, Smith aliunda boti ndogo yenye skrubu ya mbao nyuma, ikizungushwa na springi kama ya saa. Akaiweka kwenye dimbwi la shambani kwake. Ikaenda. Aliirekebisha, akairudisha majini, mpaka akaamini kwamba njia hii ni bora kuliko magurudumu. Tarehe 31 Mei 1836 alipata hataza, yaani hati ya serikali ya kulinda ubunifu wake. Aliwahi kwa majuma sita tu. Mnamo Julai mwaka uleule, mhandisi kutoka Sweden, John Ericsson, naye alipata hataza ya rafadha yake hapohapo Uingereza. Ericsson alikuwa fundi hasa, msomi wa mashine. Wakuu wa jeshi la majini hawakumkubali, naye akahamia Marekani, akajipatia sifa huko.

Kwa msaada wa fedha za mwenye benki mmoja, Smith aliunda boti halisi yenye urefu wa futi 30 na mashine ya mvuke ya nguvu za farasi 6. Kwa hesabu za wakati ule, hiyo ni nguvu ndogo kuliko mashine nyingi zinazofungwa leo kwenye boti za faiba pale Kilwa Masoko. Nyuma aliweka skrubu ya mbao yenye mizunguko miwili kamili, kama skrubu nene ya fundi seremala. Kuanzia Novemba 1836 akawa anaijaribu kwenye mfereji wa Paddington, London.

Hapa ndipo panapomhusu kijana wa Kiswere.

Mwezi Februari 1837, boti ikiwa safarini mferejini, ile skrubu ilivunjika. Nusu yake ikaondoka, ukabaki mzunguko mmoja tu. Mtu yeyote angetegemea boti isimame. Boti ilichomoka. Mwendo wake uliokuwa maili 4 kwa saa ukapanda hadi karibu maili 8.

Wapo wanaoisimulia habari hii kama bahati tupu. Sisi hatukubali. Rafadha zinavunjika kila siku, na wengi wetu hulaani, tukalipa fundi, tukarudishia kama ilivyokuwa. Smith aliiangalia ile iliyovunjika na kuuliza kwa nini. Akatengeneza mpya yenye mzunguko mmoja.

Sababu yenyewe ni hii. Skrubu ikiingia kwenye mbao, kila mzunguko unashika mbao mpya iliyotulia. Maji hayatulii. Mzunguko wa kwanza ukishayasukuma nyuma, yale maji tayari yanakimbia. Mzunguko wa pili unayakuta yakienda zake, hauna cha kusukuma. Kazi yake inabaki kuyasugua tu, na kusugua kunakula nguvu ya mashine. Ndiyo maana rafadha za leo ni fupi, zenye mabawa mawili, matatu au manne mapana.

Panga la kijana wa Kiswere lilikuwa na tatizo la jamaa moja na hilo. Mota ya redio inazunguka haraka sana lakini haina ubavu. Ukiifunga panga kubwa, haiwezi kufikia mwendo wake. Inavuta umeme mwingi kwenye betri, na umeme usiogeuka kuwa mwendo unageuka kuwa joto. Mambo mawili ndiyo yanayoamua. La kwanza ni upana wa duara ambalo panga linachora. La pili ni jinsi mabawa yalivyopindwa, yaani kwa mzunguko mmoja panga lingesogea mbele kiasi gani kama maji yangekuwa mbao. Ukiangalia propela ya mashine ya boti, mara nyingi utakuta namba mbili zimegongwa kwenye kitovu au kwenye bawa: ya kwanza upana, ya pili huo mwendo wa mzunguko mmoja, zote kwa inchi. Chombo kizito cha kubeba mwani au magunia kinataka namba ya pili iwe ndogo. Boti nyepesi ya kukimbia inataka iwe kubwa zaidi. Wanaoendesha boti ndogo za umeme za kuongozwa kwa rimoti wanafuata kanuni hiyohiyo: wanaanza na panga dogo, wanaendesha dakika moja au mbili, wanagusa mota na betri kuona joto, kisha wanapanda saizi moja tu. Habadilishi mtu vitu viwili kwa mpigo, maana hatajua kipi kilichosaidia.

Na kuna kusawazisha. Lipitishe panga kwenye waya mwembamba ulionyooka, uliache lizunguke lenyewe. Bawa zito litashuka chini. Likwangue kidogo upande wa nyuma, ulirudishe kwenye waya, mpaka lisimame popote unapoliacha. Panga lisilo sawa linatikisa chombo kizima na kula bushi. Mvuvi aliyewahi kugonga mwamba na kurudi na bawa lililomeguka anaijua ile tetemeko mkononi mwake kwenye usukani.

Tumrudie Smith. Wakuu wa jeshi la majini walishikilia kwamba skrubu inaweza kufaa mferejini, baharini haiwezi. Basi mwezi Septemba 1837 aliipeleka boti yake ile ya futi 30 baharini, akifuata pwani kutoka London, akipita Ramsgate, Dover na Folkestone mpaka kwao Hythe. Wakati wa kurudi bahari ilichafuka. Tarehe 25 Septemba maofisa wa jeshi la majini waliiona ikikata mawimbi na upepo mkali. Kwa chombo cha ukubwa ule, safari hiyo ingeweza kumaliza habari nzima, yeye pamoja na rafadha yake. Ilifika salama.

Wakuu wakamwambia alete chombo kikubwa zaidi. Ikaundwa kampuni, na kampuni ikaunda meli ya tani 237 iliyoitwa Archimedes, kwa jina la yule mwanahisabati Mgiriki wa kale aliyehusishwa na skrubu ya kuvutia maji. Ilishushwa majini tarehe 18 Oktoba 1838. Jeshi lilikuwa tayari kuridhika na mwendo wa maili 5 za baharini kwa saa; meli ikatoa karibu 10. Hata hivyo mambo hayakuwa laini. Boila ilipasuka, ikatengenezwa. Rafadha ya mzunguko mmoja ilitetemesha meli, ikabadilishwa ikawa ya mabawa mawili ya nusu mzunguko. Mwaka 1840 Archimedes ilishindanishwa na meli za posta zenye kasi kati ya Dover na Calais, kisha ikaizunguka Uingereza, ikiingia bandari kwa bandari ili kila mwenye meli aione kwa macho yake.

Mmoja aliyeiona na kushawishika ni mhandisi Isambard Kingdom Brunel. Alikuwa akiunda meli kubwa ya chuma, Great Britain, ambayo ilipangwa iwe ya magurudumu. Aliiazima Archimedes kwa miezi kadhaa, akaipima, kisha akawaomba wenye kampuni wabadili mpango. Wakakubali. Great Britain ilishushwa majini Julai 1843 na mwaka 1845 ikavuka Atlantiki kwa rafadha. Meli hiyo ipo hadi leo, Bristol.

Jeshi la majini nalo likaunda Rattler. Smith na Brunel walishiriki kuifungia rafadha za maumbo mbalimbali. Ile ya Smith ilikatwa kidogo, mwendo ukapimwa, ikakatwa tena, ukapimwa tena. Mwezi Aprili 1845 Rattler ilifungwa kamba, tezi kwa tezi, na Alecto, meli ya magurudumu yenye mashine ya nguvu inayolingana. Kila moja ikavuta upande wake kama watoto wanaovutana kamba. Rattler ikaiburuza mwenzake kinyumenyume kwa mwendo wa zaidi ya maili 2 kwa saa. Jeshi lilikuwa tayari limeanza kuagiza meli za rafadha kabla ya siku hiyo, kwa hiyo kamba ile haikuamua kitu. Lakini watu wa kawaida waliikumbuka kamba kuliko vipimo.

Miaka sabini baadaye, Königsberg, meli ya vita ya Wajerumani iliyozamishwa Rufiji Julai 1915, kaskazini mwa Kilwa, ilikuwa ya rafadha mbili. Liemba, ambayo wenzetu wa Kigoma wanaijua, nayo ina rafadha mbili.

Na Smith alipata nini? Kidogo sana. Kampuni ilipata hasara ya karibu pauni 50,000. Serikali ilitoa pauni 20,000 kama zawadi ya ubunifu wa rafadha, lakini ziligawanywa kwa wadai kadhaa. Hataza yake ilikwisha mwaka 1856, na baada ya hapo yeyote angeweza kutengeneza bila kumlipa. Alilishauri jeshi la majini hadi mwaka 1850, kisha akarudi kwenye kazi aliyoijua, kilimo, katika kisiwa cha Guernsey. Tunakiri sehemu hii inatuudhi. Meli za dunia nzima zilikuwa zikibadilishwa, na mtu aliyezishindania alikuwa shambani akihesabu mavuno. Alipewa pensheni ya pauni 200 kwa mwaka, na baadaye watu wa fani ya meli walichanga fedha wakamkabidhi pamoja na vyombo vya fedha.

Mwaka 1860 alipewa kazi ya kutunza makumbusho ya ofisi ya hataza huko South Kensington, London. Nadhani ilimfaa kuliko shamba. Mwaka 1862 ililetwa pale Rocket, gari la moshi maarufu la akina Stephenson, nalo likawa chini ya uangalizi wake. Mwaka 1871 malkia alimpa cheo cha Sir. Alifariki tarehe 12 Februari 1874, siku tatu baada ya kutimiza miaka 66, akazikwa kwao Hythe.

Kijana wa Kiswere amelikata lile panga la kopo likabaki nusu. Baba yake anasema sasa mota haichemki, ila boti inavuta kushoto. Tumemwambia alipitishe kwenye waya, alisawazishe, kisha atupigie baada ya bamvua.