Larbi Ben Barek, fundi wa Casablanca

Siku nyingine ukiwa unabishana na maboi wako kuhusu nani mkali kati ya Zidane na Mbappe, hebu tupa jina la Larbi Ben Barek katikati uone. Kimya. Wala usiwacheke, hata mimi nilikutana nalo usiku mmoja nikitafuta kitu kingine kabisa.

Jamaa alizaliwa Casablanca, Moroko, enzi za ukoloni wa Wafaransa. Mwaka wenyewe una utata: kuna rekodi za 1914 na kuna za 1917. Alikulia kwenye umaskini, akajifunza boli mtaani, kisha akang'aa na klabu ya USM ya hapo jijini. Mwaka 1938 Marseille wakamchukua, na miezi michache tu baadaye akaitwa timu ya taifa ya Ufaransa.

Mechi yake ya kwanza ilikuwa Naples, Disemba 4, 1938, dhidi ya Italia ya Mussolini, mabingwa wa dunia. Jiweke kwenye viatu vyake: wewe ni kijana mweusi kutoka Afrika, na uwanja mzima unakuzomea. Ufaransa walilala 1-0, lakini yeye hakutikisika.

Msimu huo Marseille walimaliza wa pili ligini. Halafu vita vikalipuka, akarudi nyumbani. Sasa piga hesabu. Kuanzia 1939 hadi 1945, ile miaka ambayo mchezaji huwa moto kabisa, Ulaya haikumwona.

Vita vilipoisha akatua Stade Français, Paris, chini ya kocha Helenio Herrera. Mwaka 1948 Atlético Madrid wakamnunua, na mwaka uliofuata Herrera naye akatua huko huko. Hapo ndipo utamu ulipo. Walibeba ligi ya Uhispania mara mbili mfululizo, 1950 na 1951. Zama hizo timu zilipanga washambulizi watano, na Ben Barek alicheza ndani kidogo, pale ambapo leo tungemwita namba kumi. Chenga, pasi, shuti la miguu yote miwili. Wakambandika jina la Lulu Nyeusi, ambalo baadaye Pele na Eusebio nao walikuja kuitwa.

Ajabu ni kwamba akiwa kwenye ubora huo, Ufaransa ilikuwa imemweka kando. Tangu 1948 hakuitwa tena. Mimi hilo halijawahi kuniingia akilini.

Mwaka 1953 akarudi Marseille, mzee sasa, na mwaka uliofuata wakapoteza fainali ya Kombe la Ufaransa mbele ya Nice, 2-1. Ungedhani ndio basi. Septemba 1954 tetemeko likaupiga mji wa Orléansville, Algeria, na mechi ya kuwachangia waathiriwa ikaandaliwa Paris: Ufaransa dhidi ya wachezaji wa Afrika Kaskazini. Waafrika walishinda 3-2, na mzee akasakata gozi mpaka Ufaransa ikaona aibu ikamwita tena. Siku tisa baadaye alikuwa Hanover dhidi ya Ujerumani, mabingwa wapya wa dunia. Wafaransa wakashinda 3-1, ila yeye aliumia mapema akatoka. Hakuvaa tena jezi hiyo.

Kutoka Naples hadi Hanover ni karibu miaka 16, na hakuna Mfaransa mwingine aliyedumu hivyo timu ya taifa. Mechi zenyewe lakini hazikufika hata 20. Umeona walivyomtumia?

Moroko ilipojipatia uhuru mwaka 1956, akaja kuwa kocha wa timu yake ya taifa. Baada ya hapo taa zikazimika polepole. Septemba 1992 alikutwa amekufa nyumbani kwake Casablanca, peke yake, siku kadhaa zikiwa zimepita bila mtu kubisha mlango. FIFA ilimpa nishani yake ya heshima mwaka 1998.