Mwalimu George Mallory na Theluji ya Everest

George Mallory alizaliwa mwaka 1886 katika kijiji cha Mobberley, Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi. Alisoma Chuo Kikuu cha Cambridge, na mwaka 1910 akawa mwalimu katika shule ya Charterhouse. Mwanafunzi wake mmoja, Robert Graves, ambaye baadaye alikuwa mshairi mashuhuri, alifundishwa naye kupanda milima.

Mwaka 1921 Mallory alikuwamo katika msafara wa kwanza wa kutafuta njia ya kuupanda Everest, mlima mrefu kuliko yote duniani. Mwaka 1922 alirudi. Mwezi wa Mei walijaribu mara mbili, wasifike kileleni. Mwanzoni mwa Juni theluji nyingi ilianguka, kisha jua likatoka, nao wakaazimia kujaribu tena.

Yafaa msomaji aelewe hatari yenyewe. Theluji hulala tabaka juu ya tabaka, kama mikeka iliyotandikwa. Tabaka jipya lisiposhikamana na la chini yake, hukaa mtelemkoni likingoja uzito kidogo tu. Nyayo za watu zaweza kulikata, na hapo upande mzima wa mlima huporomoka na kuchukua kila kilicho juu yake.

Tarehe 7 Juni watu 17 walianza kupanda, Waingereza 3 na wapagazi 14, wamefungana kamba katika mafungu manne. Mallory aliijaribu theluji kwa miguu, akaiona imara. Yapata saa saba na nusu mchana mlio mkali ulisikika, na theluji ikakatika. Mallory alifunikwa, lakini akajitoa. Wapagazi tisa wa mafungu mawili ya nyuma walitupwa chini ya genge la barafu. Wawili walifukuliwa wakiwa hai. Saba walikufa, nao ni Lhakpa, Narbu, Pasang, Pema, Sange, Temba na Dorje.

Mallory hakumtafuta mwingine wa kumtwika lawama. Alijua kwamba watu wale walimfuata kwa kumwamini, na huzuni hiyo ilimwelemea sana. Lakini majuto ni mjukuu, huja kinyume.

Mwaka 1924 alikwenda Everest mara ya tatu. Tarehe 8 Juni yeye na kijana Andrew Irvine walionekana wakipanda kuelekea kileleni, kisha wingu likawaficha. Hawakurudi. Mwili wa Mallory ulipatikana mwaka 1999. Edmund Hillary na Tenzing Norgay ndio waliofika kileleni na kurudi salama, mwaka 1953.

Wanafunzi wenzangu, wengi humsifu Mallory kwa ushujaa wake, na ni haki yake. Lakini tuwakumbuke na wale saba. Siku moja baadhi yetu tutakuwa viongozi, na watu watafunga kamba nyuma yetu. Anayetangulia akikosea, wanaoumia kwanza huenda wakawa wale wa nyuma.